Fumua Ukiwa Bado Nyumbani

Mjukuu wangu Nadine,

Huku Yoba tu wazima, na mjomba wako yuko Nyarusange anavuna maharage. Mimi tu ndiye nisiyetulia. Hata barua hii naiandika nikiinuka kila mara kuchungulia mlangoni, wala simngoji mtu.

Unauliza kama ukate nywele, kwa kuwa ukikimbia huko Muyinga zinalowa jasho na kukupiga usoni. Nilipokuwa msichana katika kambi ya wakimbizi, kule Tanzania, asubuhi ya mbio ndefu mama alinisuka kwa uzi, akavuta sana ili nipendeze mbele ya watu. Macho yalivutika, kichwa kikauma. Kwenye kilima, nikiwa wa pili, nilikaa chini nikaanza kufumua. Wenzangu wote wakanipita. Nilifika wa mwisho, upande mmoja umesukwa, mwingine umesimama wima, na mama akacheka kuliko wote.

Usikate, mwanangu. Suka siku tatu kabla ya mbio, tena ulegeze, kisha ukunje uso mbele ya kioo. Ukishindwa kuukunja, fumua hapo hapo. Mimi nafasi yangu ya pili niliiacha pale kilimani, na mpaka leo miguu haijakubali kutulia.

Bibi yako