Mafuta Kwenye Mkono wa Chuma

Somanda, Bariadi,
Simiyu.
16 Juni 2025.

Mpendwa dada Esteria,

Mwangaluka dada, na shikamoo. Baridi ya huko Tunduma inakuendeaje? Kifua chako kimetulia? Na shemeji, mgongo unamwachia sasa? Huku mvua zimekata, pamba imepasuka mashambani na vumbi limerudi mahali pake. Mke wangu Nyamizi hajambo. Mimi ni mzima wa mwili.

Mzigo wako ulifika kwa basi, mchele pamoja na viatu vya mwanao Mhoja. Asante sana. Viatu vilimkaa vizuri.

Ulipopiga simu jana usiku nilikwambia Mhoja ameumia mguu, nikakata. Usinune. Ningeendelea kuongea ningetukana, na wewe ni dada yangu mkubwa. Kwenye barua angalau naweza kufuta.

Unaijua kazi yangu ya kufundisha mazoezi, hapa nyuma ya banda la mchomeleaji. Vijana wanaanza na uzito wa miili yao wenyewe: pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, kujivuta kwenye bomba. Mwili ukishakubali, ndipo nawapa ketobeli, yale matufe ya chuma yenye mkono juu, mfano wa kufuli kubwa. Unalipitisha katikati ya miguu, unalirusha mbele kwa nguvu ya kiuno mpaka usawa wa kifua, linarudi, na muda wote umelishika. Kabla ya kuligusa, kila mtu anasugua viganja kwa majivu ya jikoni, maana mkono ukiteleza tu, limekwenda. Hiyo ndiyo sheria yangu, na hata mgeni naanza naye hapo.

Mhoja ndiye aliyekuwa bora kuliko wote, na sisemi hivyo kwa kuwa mimi ni mjomba wake. Alikuja goigoi, pushapu moja anahema. Juzi hapa alikuwa anachanganya yote, mwili na chuma, bila kupumzika, na anacheka. Ndiyo maana Mzee Mayunga, kiongozi wa kundi lao la bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, akampa nafasi ya kutangulia mbele na jembe kwenye mashindano ya mwezi ujao. Hilo tu ndilo alilolitaka mwaka huu: watu wa Nkololo wamwone akirusha jembe na kulidaka.

Basi Jumatatu ya wiki iliyopita naingia uwanjani, nakutana na harufu. Ptuu! Nilidhani kuna mbwa amefia nyuma ya mabati. Nikawa nachungulia kila kona, pua nimeziba na shati, kumbe harufu inatoka kwenye ketobeli la Mhoja! Sikuwahi kulifikia. Alikuwa ameshalirusha. Lilipofika juu likamponyoka, likamshukia kwenye mguu wa kushoto.

Mkono wote wa chuma ulikuwa umepakwa mafuta. Meusi, ya mgando, yana manyoya ndani. Manyoya, dada! Nilipokuwa namfunga mguu yakanigusa vidole, nikatapika palepale mbele ya wateja. Mafuta ya fisi, wanasema, ili mchezaji asirogwe na kundi la upande wa pili. Fisi gani? Nani alimchuna? Sijui na sitaki kujua. Nyamizi amekisugua kile chuma kwa mchanga na sabuni ya unga, inzi bado wanakifuata.

Mifupa ya juu ya wayo imevunjika. Amefungwa hogo la plasta. Daktari amesema atatembea vizuri, lakini kucheza mwaka huu asahau. Jembe la mbele amepewa mwingine. Na wenzake walipokuja kumwona, unajua walisema nini? Eti dawa ilikuwa kidogo! Wakataka kumchinjia kuku juu ya hogo. Nikawafukuza kwa ufagio.

Nikapanda bodaboda mpaka Nkololo kwa Mzee Mayunga, nikiamini mafuta ni yake. Nilimtukana mbele ya wake zake na ng'ombe wake, mzee wa watu. Nikamwita mchafu, mla mizoga. Alinisikiliza mpaka maneno yakaniishia. Kisha akasema, "Ndalahwa, mimi dawa yangu naiweka kwenye jembe. Kwenye chuma chako niiweke ya nini?" Nikarudi nimenywea.

Mhoja alisema aliokota kopo sokoni. Nani anaokota mafuta ya fisi sokoni? Jana Nyamizi akifagia alilikuta chini ya kitanda cha Mhoja, bado lina punje za mchele wako. Limefungwa kwa kipande cha kanga ya zambarau, ile uliyojifunga kwenye matanga ya mama. Ile siwezi kuikosea, dada.

Ulitaka kumkinga mwanao katika kila chuma anachoshika. Naelewa mpaka hapo, na hapo ndipo kuelewa kwangu kunapogota. Nilikaa mlangoni na hilo kopo, na safari hii hata sikuziba pua.

Nilimwonyesha Mhoja kitambaa. Akageukia ukutani, akarudia hadithi yake ya sokoni. Baadaye sana akaniambia, "Mjomba, usimwambie mama kwamba umevunjika. Mwambie umeteguka tu."

Mimi nakwambia. Umevunjika. Na viatu ulivyomtumia, anavaa kimoja.

Mhoja hajui kama nimekuandikia. Panda basi uje umwone, na uje mikono mitupu. Ukifika tutakwenda wote kwa Mzee Mayunga kumwomba radhi.

Nisalimie shemeji, nisalimie binti yetu Goodness, na mama mkwe wako umpe shikamoo yangu. Mungu awakinge, yeye peke yake, bila kopo.

Wako akupendaye, hata leo,

Ndalahwa