Baiskeli Bila Keria

Jumatatu, 3 Februari 2025

Presha! Mimi! Daktari wa zahanati alinifunga kile kitambaa mkononi mara mbili, eti hakuamini mara ya kwanza. Kisha nikapandishwa kwenye mizani. Kilo tisini na nane! Mama Irine alikuwa amenishikia koti na viatu, akageukia ukutani ili asicheke. Daktari hakucheka. Kasema nisipopunguza mwili nijiandae kwa kiharusi. Nipande baiskeli kila asubuhi, chumvi kidogo, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, basi.

Najuta. Nilikuja Keza kijana mwembamba, mwalimu wa michezo, nakimbia mchakamchaka na watoto mpaka wao ndio wanaomba tupumzike. Mwili huu nimeuokota wapi? Nimekaa tu — ofisini, kanisani, nyumbani kwa rafiki yangu Anatory na vibuyu vyake vya rubisi. Baiskeli iko stoo, kuku wanailalia. Ile ile niliyompakia Mama Irine siku naenda kumtoa kwao Kaniha. Kesho naishusha.

Jumapili, 9 Februari

Makalio yanawaka moto! Misa yote nimekaa upande. Katekista alidhani naondoka.

Mlima huu wa shambani, ule ule wa kwenda zahanati, sikujua ni mrefu hivi. Na kuna jambo daktari hakulifikiria. Huku kwetu huwezi kupita na keria tupu. Ukimpita mtu anatembea, nyuma yako pako wazi, basi wewe una dharau, utasemwa mpaka Kibimba. Kwa hiyo kila asubuhi nina abiria. Juzi Bibi Niragira na kapu lake la muhogo. Nimemsalimia shikamoo, badala ya marahaba kaniambia, "Mwarimu, simama nikae." Jana gunia la mkaa la mtu nisiyemjua hata jina.

Na Mama Irine, bila shaka, anakwenda shambani. Anakaa upande kama zamani, mkono mmoja kiunoni kwangu — au pale kiuno kilipokuwa. Nikiwa naye sifiki hata nusu ya mlima, nashuka nasukuma. Daktari alisema nitoe jasho bila kusimama. Sasa haya ni mazoezi au ni bodaboda?

Jumatano, 19 Februari

Nimeing'oa keria.

Manirakiza fundi aliniuliza mara mbili, Mwalimu una hakika? Baiskeli bila keria hapa kwetu ni ya watoto wa mjini. Nikamwambia fungua. Nikamwachia aitumie atakavyo. Sasa imekuwa nyepesi! Na hakuna wa kunilaumu, maana hakuna pa kukaa. Bibi Niragira kaiangalia nyuma, kaniangalia mimi, kasema "Haya" tu.

Mama Irine alitoka na jembe lake, akasimama. "Na mimi nitakaa wapi, Baba Irine?" Nikamwambia kutembea nako ni mazoezi, atapata afya. Akacheka kidogo, akatangulia. Nilimpita mlimani nikapiga kengele. Hakugeuka.

Alhamisi, 6 Machi

Jana Jumatano ya Majivu. Anatory ananitania kwamba mimi Kwaresima yangu ilianza mapema. Kilo tano zimekwenda, mizani ya zahanati haidanganyi, Mama Irine kanishikia koti tena! Mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa msumari wa moto.

Lakini watu bwana! Sokoni kila mtu ananipa pole. "Pole mwalimu, unasumbuliwa na nini?" Nasema ni mazoezi, ni baiskeli. Wanaitikia kwa kichwa, kwa huruma, kama vile unavyomwitikia mgonjwa anayeficha. Hapa mtu mwenye uwezo akipungua, basi ana lake. Nimekasirika, halafu nimecheka.

Mama Irine naye kapungua! Leo nimeona sketi yake ya kanisani kaibana na pini. Nikafurahi kweli. Unaona? Nikamwambia. Kutembea! Basi tushindane, mimi na wewe, nani atapungua zaidi mpaka Pasaka. Akasema haya, tushindane. Amekwenda kulala kabla jua halijazama vizuri, kasema mlima umemchosha.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeumaliza mlima bila kushuka! Wote! Juu nimepiga kelele peke yangu kama mwehu.

Nilitazama chini nikamwona Mama Irine ameketi juu ya jiwe, jembe mapajani. Nikadhani anangoja umande ukauke. Nilitaka kumngoja. Halafu nikaona mteremko ule, na upepo, nikajiachia.

Watu wanaleta mayai. Leo tena. Eti ya mgonjwa, maana yake mimi. Mama Irine kanikaangia mawili, yeye hakula. Kasema siku hizi mayai yanamkinaisha.

Jumamosi, 12 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Jumuiya yetu ya kanisani walikuja asubuhi. Hawakusema wanakuja, niliona tu watu wanaingia, akina mama wa kanisa na vitenge vyao vya Wawata, jogoo amefungwa miguu, unga wa uji. Sebule ikajaa mpaka mlangoni. Idefonsi, mwenyekiti wetu, akasimama akasema tumekuja kumwombea mwalimu wetu. Tulisali rozari yote. Kisha akaomba kwa maneno yake mwenyewe: Bwana umrudishie nguvu mtumishi wako anayekwisha mbele ya macho yetu. Mimi! Nimekaa kwenye kiti changu, mkanda una matundu mapya mawili, sijapata kuwa mzima hivi tangu niwe kijana. Nusu nicheke, nusu nikasirike. Nikainamisha kichwa wasinione.

Mama Irine akaleta chai. Vikombe vilikuwa vinagongana juu ya sinia. Nilisikia vile vikombe, nakumbuka nilivisikia. Nikafikiri sinia limepinda.

Bibi Niragira hakuchukua kikombe. Alimshika Mama Irine mkono, pale panapokaa bangili, akauzungusha polepole. Dole gumba lake likapita kidole cha kati, likaendelea. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeulizia bei ya muhogo:

"Mwarimu huyu ni mzima. Anaruka na baiskeri kama mbuzi. Tumeombea mtu siye."

Wote tukamgeukia Mama Irine.

Mama Irine akacheka. "Ni mashindano tu, Bibi. Mimi na Baba Irine."

Maneno yangu! Aliwapa maneno yangu! Hakuna mwingine aliyecheka. Idefonsi akaangalia kofia yake. Wakanywa chai haraka haraka, wakaondoka, na kila mwanamke aliyetoka alimshika ule mkono kwanza. Mimi walinipa mkono bila kuniangalia.

Walipoondoka nikamuuliza. Tangu lini? Tangu Desemba. Tumbo, hapa, upande huu. Chakula hakikai. Mbona hukusema? Akawa anakusanya vikombe. Akasema siku ile ya zahanati alikuwa amekusudia kumwambia daktari. Ndiyo maana alinisindikiza. Mimi nilidhani amekuja kunishikia koti! Halafu daktari akataja kiharusi, akaona bora kwanza huyu apone, yake yatangoja. Kisha akaniona nimefurahi na baiskeli yangu. Akaona asiniharibie.

Nimetoka nje nikakaa kando ya ile baiskeli. Nimelia. Mtu mzima, mwalimu, nimelia mpaka kuku wakasogea. Miezi miwili nimepima tumbo langu kwa mkanda kila asubuhi. Na mwanamke ninayelala naye kitanda kimoja nilimsifu! Nilimpigia kengele!

Jumapili, 13 Aprili — Matawi

Kanisani nimekwenda peke yangu. Nimemletea tawi lake.

Nimempigia Irine, yuko kazini Biharamulo. Alilia kwanza. Kisha akakasirika, na ana haki. "Baba, ulikuwa unaangalia nini?" Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Amesema atakuja katikati ya wiki, atamwomba mwenzake amshikie zamu.

Kesho zahanati. Nilisema nitaita boda, nikae nyuma yake nimshike. Amekataa. Juzi alirudi na boda kutoka sokoni, akamrusha kwenye mashimo mpaka akashuka akatapika kando ya njia. Hilo nalo sikulijua. Akasema, "Nipeleke wewe na baiskeli, taratibu, kama zamani." Kisha akaitazama baiskeli. Wote wawili tumekumbuka wakati mmoja.

Nikaenda kwa Manirakiza. Keria yangu ameshaifunga kwenye baiskeli ya Iteka, yule anayepeleka ndizi mnadani. Nikaenda kwa Iteka. Nimemkuta anapakia za kesho, mkungu mmoja tayari uko juu ya keria yangu. Nilianza kueleza, nikaishia kuionyesha keria kwa kidole. Nadhani alishasikia, Keza nzima imeshasikia. Alishusha mkungu, akachukua spana, akafungua nati zote bila kuuliza kitu. Akanipa. Akasema, "Utairudisha mama akipona." Sikuweza kumwangalia.

Nimeifunga mwenyewe, Manirakiza amenitazama tu. Nimekaza kila nati mpaka mikono ikauma. Juu nimekunja blanketi, nimelizungushia mpira wa tairi. Mama Irine alipoliona kasema ni kitanda cha hospitali tayari. Anatania! Yeye ndiye anayenifariji mimi. Naona aibu mpaka sijui niweke wapi uso.

Jumatatu, 14 Aprili

Naandikia kwenye benchi la zahanati. Daftari lilikuwa ndani ya koti.

Tuliondoka umande bado uko. Alikaa upande, mkono kiunoni. Akasema, "Kumbe kiuno kimerudi." Nikashindwa hata kucheka.

Njiani watu walitupisha. Bibi Niragira alikuwa anapanda na kapu lake. Alilishusha kapu kichwani, akasimama pembeni mpaka tukapita. Nikampa shikamoo. Safari hii aliitikia marahaba, tena marahaba ya pole pole.

Mlima ulipoanza nilisimama juu ya pedali kama zamani, nikakaza mwili kumngoja. Nakumbuka uzito wake. Alikuwa ananitoa roho pale kwenye kona ya kwanza, nashuka nasukuma, yeye anacheka. Nikakanyaga kwa nguvu zote. Baiskeli ikaruka mbele. Hapakuwa na kitu nyuma. Nikakanyaga tena, hivyo hivyo, nyepesi kama siku ile nimetoka kwa Manirakiza nimeing'oa keria. Katikati ya mlima nikasimama, nikaweka mguu chini, nikageuka. Nilidhani ameanguka! Wallahi nilidhani nimemwacha njiani — mimi Mkristo naapa hivyo, sijui neno limetoka wapi.

Alikuwepo. Ameshika kiti.

"Mbona umesimama? Umechoka?"

Nikasema ndiyo, nimechoka.

Sikuwa nimechoka. Tumefika juu sijahema hata mara moja. Toka Februari hicho ndicho nilichokitaka kuliko vyote, kuupanda ule mlima bila kuhema. Nimekipata, na ningeweza ningekirudisha leo hii, kilo zote, kitambi chote, nishuke nisukume.

Daktari aliponiona mlangoni alifungua mikono. "Mwalimu! Hongera! Umependeza!" Kisha akaona ni nani amemshika nani. Akavaa miwani.

Muuguzi kasema mgonjwa apande mizani. Nikasogea, kwa mazoea. Akaniambia si wewe mzee. Mama Irine akavua viatu, akanipa. Akavua na koti, akanipa. Mizani ile ile. Mara zote hizo nilizokuja kujipima, alisimama pale pembeni na nguo zangu, na mimi sikuwahi kusema, hebu panda na wewe tuone.

Muuguzi alisoma namba. Akaisoma tena. Akaandika.

Mama Irine akanigeukia, bado yuko juu ya mizani. "Baba Irine, nimekushinda?"

Nikasema ndiyo. Umenishinda.

Akatabasamu, kabisa kama mtu aliyeshinda, akanyoosha mkono nimsaidie kushuka. Daktari akaingia naye ndani. Mlango ukafungwa.

Wamekaa sana. Mwanamke mwenye mtoto aliyekuja nyuma yetu ameshahudumiwa na muuguzi, ameondoka. Nje nimeiegemeza baiskeli ukutani, naiona kutoka hapa, blanketi liko juu ya keria. Limebonyea kidogo tu. Nitamwambia Iteka sitairudisha. Nitamnunulia nyingine, mpya, kubwa kuliko hii. Hii haitoki tena.

Daktari ametoa kichwa mlangoni. Ana karatasi. Hasemi hongera. Anasema, "Mwalimu, njoo ukae humu ndani na sisi." Viatu vya Mama Irine viko mapajani kwangu, sijui nivibebe au niviache hapa. Anasubiri. Navibeba —