Debe la Petroli na Shemeji Ambakisye

Olmotonyi, Arusha

Kaka Asegelile,

Shikamoo kaka. Barua yako imenikuta mzima, ila kifua kinanibana kidogo kwa baridi ya huku Meru. Nanyi huko Tukuyu hamjambo? Mgongo wa Mama unaendeleaje? Hukuniandikia habari zake, umeandika za lori tu, nikajua umekasirika.

Unauliza mnunue petroli ipi, ya kawaida au ile ya bei ya juu, kwa kuwa lori linakata pumzi kila likifika mlimani. Nunueni ya kawaida. Ile nyingine ni ya injini mpya zenye nguvu. Gari jipya la tajiri wangu, Kalasinga mwenye kiwanda cha mbao, ukilitilia ya kawaida linagonga ndani kama mtu anayepiga hodi. Lori letu ni zee, halitaona tofauti yoyote.

Lakini kuna jambo jingine katika barua yako, nalo limeninyima raha wiki nzima. Unasema mlikuta maji ndani ya petroli, ukaamua kwamba Shemeji Ambakisye anaiuza njiani na kujazia maji, ukamnyang'anya ufunguo wa lori. Sasa amerudi kwao, na dada yetu Tumpale amerudi hapo nyumbani na mizigo yake na mtoto mgongoni, hajui kama bado ana mume. Hapo naomba unisikilize, ingawa mimi ni mdogo wako.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilishukiwa hivyo hivyo. Huku juu hakuna pampu, petroli tunaichukua mjini kwa madebe kama ninyi. Siku moja nilikuwa nampandisha Bwana Misitu, yule Mwingereza, kwenda kuhesabu magogo. Lori likakohoa, likazima katikati ya mlima. Tajiri alikuwa nyuma yetu na gari lake. Akashuka, akachota petroli kwenye tangi, akaimimina katika chupa na kuiacha itulie. Maji yakakaa chini, petroli juu. Bwana Misitu akasema madereva wote ni wezi. Niliogopa sana, kaka. Niliona kazi imekwisha na jela iko mbele yangu.

Tajiri akanigeukia. Aliniuliza swali moja tu. "Debe uliliosha?"

Nikajibu kwa fahari, "Ndiyo, tajiri. Kwa maji na majivu, mara mbili."

"Basi mwizi ni hayo maji ya kuoshea," akasema. "Debe la petroli halioshwi. Linaanikwa juani."

Mimi niliosha kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Nani kwetu alithubutu kutia kitu kwenye chombo kisichooshwa? Tangu siku hiyo naanika debe mpaka liwe moto, na petroli naichuja kwa ngozi laini, maana ngozi hiyo ikishalowa petroli hairuhusu maji kupita. Nikishuku mafuta ya taa, naweka tone kiganjani. Petroli hukauka na kuacha ubaridi, mafuta ya taa huacha utelezi. Mfanye hivyo na ninyi, hata kama petroli imetoka kwa mtu mnayemwamini.

Sasa nakuuliza nilivyoulizwa mimi. Hapo nyumbani madebe ya lori anaosha nani? Mimi namfahamu mmoja tu, yule aliyekuwa akitukagulia hata madebe ya maji ya kunywa na kuturudisha mtoni. Nadhani ni Mama.

Nenda kwa Shemeji wewe mwenyewe, usitume mtu. Mwombe radhi mbele ya wazazi wake na umrudishie ufunguo mkononi. Ukichelewa, wazee wake watasema neno ambalo halirudishwi, na mtoto wa Tumpale atakua hana baba.

Nisalimie shemeji yangu, mkeo, na watoto. Baba Mdogo mpe shikamoo yangu. Tumpale mwambie asifungue mizigo, ataondoka karibuni.

Najua Mama atataka kusomewa barua hii. Hapo penye debe ruka, kaka. Msomee tu kwamba mwanawe bado anaosha vyombo vyote kama alivyomfundisha.

Mdogo wako akupendaye,
Gwakisa