Garnacha ya Babu Imekuwa Maji

Ainzón, 12 Novemba

Mwanangu Nuria,

Hujambo? Koldo mumeo hajambo? Mimi mzima, ila nimechanganyikiwa. Jana, sikukuu ya Mtakatifu Martino, tulifungua pipa kama kawaida. Divai yetu ya garnacha haina ladha, maji matupu! Nimesukutua mdomo, nimebadilisha glasi, wapi. Binamu Anselmo kaisifu, lakini yule hata siki ya bure huisifu. Mizabibu ya babu yako imechoka. Nimemwita mwenye trekta aje aing'oe Januari. Nakutumia chupa mbili uonje mwenyewe.

Mama yako

Bilbao, 3 Desemba

Shikamoo mama,

Sisi hatujambo. Lakini mama, mbona sikuelewi? Jumapili nilioka mwanakondoo, tukafungua chupa. Ilinukia stroberi zilizoiva, na ile mimea tunayoikanyaga tukipanda kilima kwenda shambani. Koldo, na majivuno yake ya divai za kwao, alijimiminia tena. Chupa ya pili nililowekea matunda ya mapichi kama ulivyonifundisha, tukagombania mchuzi. Au umenitumia ya pipa jingine? Nakusihi, trekta lisubiri.

Mwanao

Ainzón, 15 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Pipa ni lilelile. Basi mmoja wetu ana wazimu, na si mimi. Huku ni mikosi tu: juzi dengu ziliungua nami nimekaa papo hapo jikoni nikishona, mpaka jirani akaja mbio kuuliza kunaungua nini. Trekta halisubiri, nimeshatoa ahadi.

Mama yako

Bilbao, 20 Desemba

Shikamoo mama,

Ile harufu ya dengu hukuisikia? Tafadhali, ponda kitunguu saumu ukilete puani. Nijibu upesi, naogopa.

Mwanao

Ainzón, 9 Januari

Mwanangu,

Nimekawia kwa sababu nililia kwanza. Nimeponda, nimenusa, hakuna kitu. Daktari anasema yale mafua yaliyonilaza Septemba yameiua pua, na bila pua hata divai huwa maji. Pua huenda ikarudi, huenda isirudi. Nilikimbia shambani kumzuia mwenye trekta, nikakuta ameshang'oa mistari miwili. Naona aibu kama niliyemsingizia mtu wizi.

Kila mchana bado najimiminia glasi yangu, ila sijui nakunywa nini. Njoo Pasaka, mwanangu. Ukae mbele yangu, unywe polepole, uniambie ikoje.

Mama yako