Ndoo Iliyofukiwa Nyuma ya Choo

9 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepoa na Baba ameacha kupanda darini kuziba matundu. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na viatu ulivyoninunulia bado havijatoboka.

Ulinifundisha kwamba jambo lisiloandikwa halikutokea, basi naandika ili litokee. Ile kazi ya kampuni ya bima niliiacha tangu Novemba. Nilikuambia nafanya biashara ya chakula cha mifugo, na hilo ni kweli, ila sikukuambia chakula chenyewe ni nini. Ni funza, Mama. Ninafuga funza. Kaa kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Nimekodi banda lililokuwa la seremala, nyuma ya soko. Kila jioni wauza mboga wananipa nyanya zilizooza, maganda na majani, vitu vilivyokuwa vikitupwa mtaroni. Nawapa funza. Wanakula wiki mbili wananenepa, nawakausha, nawauzia wafuga kuku, na kinachobaki chini ni mbolea ambayo wenye bustani wanaigombania. Mama yao anaitwa nzi chuma, na si yule nzi unayemjua wewe. Huyu akishakuwa mkubwa hali kitu wala hatui kwenye sahani ya mtu. Anaishi siku chache, anataga, anakufa. Nimewafungia ndani ya chandarua, kile kile ulichokuwa unagawa nyumba kwa nyumba kuzuia wadudu wasiingie. Mimi nakitumia kuwazuia wasitoke.

Nimempa dereva wa basi ndoo ndogo ya funza wachanga akuletee, ina matundu kwenye kifuniko. Ifungue uinuse mwenyewe. Halafu njoo unikague, Mama, kama ulivyokagua kila jiko na kila bucha la mji huo. Watu wananipa hongera, lakini mimi sitaamini kwamba nafanya kazi ya heshima mpaka nilisikie neno hilo kwako.

Kitindamimba wako


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo. Baba yako bado yuko darini.

Barua yako niliianza nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Miaka thelathini na moja nimevaa lile koti jeupe. Mji mzima unaniita Bibi Afya, hata wasiojua jina langu. Mkahawa wa kaka yangu wa damu niliufunga siku nane kwa ajili ya nzi mmoja juu ya kifuniko cha sufuria, na mjomba wako hakunisemesha mpaka mvua za mwaka uliofuata. Fomu yangu ya ukaguzi ilikuwa na mstari ulioandikwa "Nzi", na chini yake nafasi ya neno langu la mwisho. Sikuwahi hata siku moja kuandika "wapo" kwenye mstari huo na "pasafi" chini yake. Leo mtoto niliyemnyonyesha anawalisha na kuwatundikia chandarua kama wana wa mfalme.

Ndoo yako nimeifukia nyuma ya choo, futi tatu kwenda chini. Na hapo kwenye banda lako sikanyagi. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Baba yako anacheka tangu asubuhi, sasa anakuita Bi Funza.

Unanawa mikono kwa sabuni? Nijibu hilo tu.

Mama yako


14 Aprili

Mama,

Shikamoo, na uniwie radhi kwa kimya. Ndiyo, nanawa kwa sabuni, mpaka kwenye kiwiko kama ulivyonifundisha.

Nilinuna wiki tatu kwa ajili ya ndoo yangu, kisha kazi ikanisahaulisha. Mfuga kuku mmoja hapa, mwanamke mwenye sauti ya tarumbeta, alichukua funza wa majaribio. Sasa anakuja kila Jumatatu kabla sijafungua mlango, na anagombana na yeyote aliyemtangulia. Wauza mboga nao wamejifunza kutenga taka. Plastiki huku, maganda kule, na atakayechanganya anasutwa na wenzake.

Sasa kuna jambo kubwa. Mwenyekiti wa soko yuko tayari kunipa taka za mboga za soko zima. Zimekuwa zikichomwa nyuma ya maghala, na moshi wake unaujua. Nikizipata, nitaajiri kina mama wanne na lile jalala litakwisha. Lakini anasema hawezi kutia sahihi kwa maneno yangu peke yangu, na mwisho wa Julai atampa mtu mwingine, mwenye lori, azimwage bondeni. Nilipotaja jina lako alivua kofia. Kumbe alikuwa na bucha huko kwenu, na ulimfungia mara mbili. Aliniambia hivi: "Bibi Afya akisema pasafi, mimi sina haja ya kuangalia."

Nakuomba tena, Mama. Safari hii siombi kwa ajili ya moyo wangu tu.

Kitindamimba wako


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Huyo mwenyekiti namkumbuka. Mara ya kwanza ilikuwa ni kisu kichafu, mara ya pili ni mtaro ulioziba. Mwambie nafurahi amepata adabu. Ila neno langu haliombwi kama chumvi kwa jirani, na hapo sikanyagi, nilishaandika.

Habari za hapa ni kuku. Wamekuwa na mori wa ajabu, wanataga mpaka Baba yako anahesabu mara mbili. Sijui wamekula nini.

Halafu, kwa kuuliza tu. Wale funza wakigeuka weusi wakaanza kupanda ukuta wa ndoo kutafuta njia, hao wako nina maana, huwa unawafanyaje? Baba yako ndiye anayeuliza. Mzee akistaafu hukosa la kufikiria.

Mama yako


11 Mei

Mama,

Shikamoo. Jibu lako lilinikata maini, lakini swali la Baba limenifurahisha, angalau mmoja wenu anauliza.

Mwambie wakigeuka weusi wameshiba, wanatafuta pakavu pa kulala. Wawekewe maranda kwenye chombo chenye giza na waachwe hivyo hivyo. Baada ya wiki mbili hivi watatoka wakiwa nzi. Hapo watundikiwe chandarua panapopata jua la asubuhi, maana bila jua hawapandani, na ndani yake ziwekwe vipande vya boksi la karatasi. Watatagia kwenye vile vitundu vya ubavuni. Mchoro wa banda langu lote, pamoja na baraza yake ya bati, nimeuchora nyuma ya karatasi hii.

Mwambie pia namshukuru. Nikiisoma barua yako naanzia kwenye mstari wake.

Kitindamimba wako


28 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Nitakuja Jumamosi, tarehe 20 Julai, kwa basi la asubuhi. Katika kazi yangu sikuwahi kumpa mtu taarifa kwamba naja. Wewe nakupa, kwa kuwa nilikuzaa. Usidhani nitafumba jicho. Nitaanzia mlango wa nyuma, kama kawaida.

Mama yako


16 Julai

Mama,

Shikamoo. Usije.

Barua hii nimempa dereva mkononi akuletee leo hii, maana sauti yangu kwenye simu isingefika mwisho wa habari. Tangu nipate neno lako nimekuwa nikisafisha. Jumapili nilianza upya kwa kanuni yako ya ndoo tatu, ya sabuni, ya kusuuza na ya kusuuza tena. Nikasugua rafu, nikasugua sakafu, nikapaka chokaa. Jana asubuhi nikasimama mlangoni kutazama kwa macho yako, nikaona nzi wawili wa kawaida, wale maadui zako, wametua juu ya dirisha. Wawili tu. Nilisikia aibu kama niliyesimamishwa mbele ya darasa. Nikasema Mama akiwaona hawa nimekwisha.

Nikachukua dawa ya kuulia wadudu, nikapuliza. Nikapuliza pembe zote nne, dirishani, mlangoni, juu ya dari. Sikukumbuka hata kidogo ninachofuga. Mkono ulikwenda wenyewe, Mama, huu mkono ulioulea. Nilikumbuka niliposikia kimya ndani ya chandarua.

Wamekufa wote. Nzi, funza, na mayai hayataanguliwa. Muuza mbegu ya funza aliye karibu anasema hana mpaka Oktoba. Mwenyekiti anatia sahihi tarehe thelathini na moja, na mimi ninachoweza kumwonyesha ni banda jeupe lenye harufu ya dawa. Nimelia, nimecheka, nimelia tena. Hakuna cha kukagua. Baki nyumbani upumzishe goti.

Kitindamimba wako


17 Julai

Mwanangu,

Pole. Pole sana, kitindamimba wangu. Nimeisoma barua yako kwa sauti, na mimi na Baba yako tumecheka mpaka tukashikana, kisha mimi nikalia, kwa sababu nilijua ni mkono wa nani.

Sasa sikiliza mtu aliyepuliza dawa miaka thelathini na moja. Ile haitoki kwa siku mbili, inakaa ukutani wiki na wiki. Kwa hiyo ndani hapaingii mdudu yeyote kwa sasa. Osha beseni zako kwa sabuni na maji mengi, uzianike juani, kisha safisha ile baraza ya bati uliyonichorea kwenye mchoro wako. Tutafugia hapo.

Utauliza tutafuga nini. Ndoo yako sikuifukia.

Nilichimba shimo, hilo ni kweli, futi tatu. Nikafungua kifuniko niimwage, nikainusa kama ulivyosema, na nilichosikia ni harufu ya mbao mbichi. Nikasema nitafukia kesho. Kesho yake nikawatupia maganda ya viazi, nione tu, na jioni maganda hayakuwepo. Tangu hapo sijatupa ganda, ingawa mwanzoni niliwapa kidogo kidogo, ndiyo maana walichukua miezi miwili kugeuka weusi. Nilikuandikia uongo, mimi niliyekufundisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichotokea, kwa sababu niliona haya kukiri nimekosea mbele ya mtoto. Baba yako hakuuliza swali lolote. Yeye alishona tu chandarua, kile chako cha utotoni chenye maua ya bluu.

Sasa ni ndoo saba. Tunakuja nazo Jumamosi, na Baba yako atapakata boksi la nzi safari nzima, kondakta aseme atakavyo. Ukaguzi uko pale pale. Kuwa mama yako hakunizuii kukufungia.

Mama yako


20 Julai

Mwanangu,

Hujambo. Nakuona hujambo, umenipa mgongo unaosha vikombe. Nakuandikia hivyo hivyo, maana jambo lisiloandikwa halikutokea. Nakala nimempelekea mwenyekiti mwenyewe, na kofia aliivua.

Mlango wa nyuma: unafungika.
Mtaro: unapitisha maji.
Sabuni: ipo, na inatumika.
Dawa ya wadudu: nimeitwaa. Hutaiona tena.
Harufu: mbao mbichi.
Mwenye banda: amekonda. Tutakaa wiki mbili, nitapika.
Nzi: wapo.

Pasafi.

Mama yako