Mlango Wanaotokea Watu wa Osaka

Guro, Seoul
16 Agosti

Mpendwa Dada Bokhui,

Hapana Dada, Seoul haijaongezeka. Ilikuwa kubwa hivi hivi, ila wewe umekaa sana Osaka ukajisahau. Na ndiyo, treni zinaeleweka. Na hapana, hakuna atakayekuibia mtoto. Hayo ndiyo uliyoniuliza kwenye simu na nimeyajibu, sasa ngoja nikusalimie kama mtu aliyelelewa.

Hujambo? Mwanao Chinatsu hajambo? Miguu inayokuvimba ukisimama sana dukani, imepungua? Sisi wazima. Mama ana magoti yake tu, yanajua mvua kabla ya redio. Mimi natembea ndani ya treni nauza feni ndogo za kuvaa shingoni. Joto la mwaka huu linaua watu, lakini mimi linanilisha, kwa hiyo siwezi kulitukana.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu simu ikilia tu, mama anakuja kukaa pembeni yangu, anajifanya anachambua maharage. Na kuna jambo hatakiwi kulisikia.

Tuanze na treni. Kwenu, nakumbuka nilipokuja, kila reli ina mwenyewe. Unatoka kwa huyu unaingia kwa yule, unalipa upya kama umevuka mpaka wa nchi. Pale chini ya kituo cha Umeda nilizunguka mpaka muuza keki mmoja akaanza kunisalimia kama jirani. Huku kadi ni moja, treni na basi. Ila kwenye basi gusisha ukipanda, gusisha ukishuka. Ninyi mmezoea kulipa mkishuka, kwa hiyo utapanda kimya na dereva atakufokea. Usiumie. Madereva wetu wanafoka hata wakikutakia heri.

Kwa ukubwa siwezi kukudanganya. Ukitoka hapa kwenda mji wa Suwon nyumba hazikatiki. Lakini hata kwenu nilipanda treni ya Kobe, nikakaa dirishani nasubiri mji uishe. Wapi. Nilishuka bado nausubiri.

Usalama je? Vijana huku wanaacha simu mezani kwenye duka la kahawa, ili kiti kisichukuliwe, halafu wanaenda zao chooni. Na mimi, mtu ninayejua bei ya kila simu, napita naziangalia tu, roho inauma. Mjihadhari na pikipiki za chakula, zinapanda mpaka njia ya miguu. Kwenu baiskeli zilinigonga, kwa hiyo miji yetu imetoka sare. Na mwambie Chinatsu asikae viti vya mwisho wa behewa hata akivikuta vitupu. Ni vya wazee. Akikaa, bibi mmoja atamsema mpaka mwisho wa reli, na bahati yake haelewi Kikorea.

Najua unachokiogopa. Ni kile kituo cha Sindorim. Ulipokuja kumzika baba, umati ulikusukuma ukaachia mkono wa Chinatsu, tukamkuta kwa bibi muuza wali wa kukunja kwa mwani, anatafuna, hana habari. Aliyelia ni wewe. Ukasema hurudi na mtoto kwenye mji huu. Sasa Dada, mtoto mwenyewe amekuzidi kimo. Wa kushikwa mkono leo ni wewe.

Jambo lenyewe ni hili.

Unajua wazee huku wanapanda treni bure. Joto likizidi, mama na jirani yetu Mama Dongchul wanapanda mpaka uwanja wa ndege wa Incheon, wanakaa kwenye ubaridi siku nzima na mahindi yao ya kuchemsha. Wazee wengi wanafanya hivyo, sikuwa na neno. Jumamosi iliyopita nikapeleka feni zangu kwenye treni hiyo. Askari wa reli akanikurupusha, nikaingia uwanjani mbio. Mama Dongchul nikamwona kwenye viti, amelala. Mama hayupo. Nikamkuta amesimama kwenye mlango wanaotokea abiria, ameshika chuma cha uzio, amevaa ile blauzi yako ya maua.

"Mama, unafanya nini huku?"

"Napunga upepo. Na wewe umeanza kuwauzia marubani?"

"Upepo uko kule kwenye viti."

"Kule wanakoroma." Akanyoosha kidole juu. Halafu, "We Pilgu, hebu nisomee ule ubao, macho yangu haya. Ya Osaka imeshatua?"

Nikamwambia imetua.

"Basi sogea, umenizibia."

Watu wakaanza kutoka. Akatokea mwanamke wa kimo chako, anavuta sanduku, na binti mrefu nyuma yake. Mama akaachia chuma, akajinyoosha, akaweka nywele sawa. Yule mwanamke akapita.

"Siku hizi watu wanatembea haraka," mama akasema.

Nikamrudisha kwenye viti, akanipa hindi, akanikemea nakula vibaya. Alipoenda chooni, Mama Dongchul akafumbua jicho moja.

"Kila Jumamosi, mwanangu. Mimi huwa najifanya nimelala."

Dada, unanijua nauza hata kwenye mvua. Siku ile sikumwita mteja hata mmoja. Feni zote nilirudi nazo.

Na mimi nimekukumbuka. Nikitania nyumbani mama anacheka kwa kunihurumia. Wewe ulikuwa unanipiga na mwiko kwanza, halafu unacheka.

Nisalimie Chinatsu. Nisalimie wale akina mama wa soko la Tsuruhashi walionionjesha kabichi yao ya kimchi mpaka nikashiba bila kununua. Mama Dongchul anakusalimu kwa macho yote mawili. Baba huko aliko akuangalie, akupunguzie uvimbe wa miguu.

Sasa tufanye biashara. Chagua Jumamosi moja kabla ya sikukuu ya Chuseok, uniambie mimi peke yangu. Mama simwambii, akijua atasugua sakafu mpaka magoti yamgomee. Na mimi siji kukupokea. Wewe toka tu pale mlangoni na mtoto wako, tembea polepole. Kuja nyumbani kuna treni mbili. Ya haraka haiitambui kadi ya wazee, mama haipandi hata umbebe mgongoni. Panda naye ile inayosimama kila kituo, akuongoze yeye hata akikosea njia, mna mengi ya kuongea. Mkipotea, naacha feni, nakuja Osaka kukubebea mizigo ya duka bure mpaka unichoke. Msipopotea, unakaa mpaka sikukuu, tumsafishie baba kaburi pamoja. Sema umekubali.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukumbuka kuliko ninavyosema,
Pilgu