Mstari Usiotakiwa Kuwepo

Jumatatu, 4 Machi 2024

Seli za kontroli zimefika, hatimaye! Hizi protini yetu imeondolewa kabisa. Kingamwili yetu ikipita hapo, inatakiwa isishike kitu, na mstari mweusi usitokee kwenye utando wa kipimo. Nikiwa napanga sampuli Ronald, mchumba wangu wa humu maabarani, kaninong'oneza: Jumamosi wazazi wake wanapanda kwetu Masama kuleta posa. Nikamwaga bafa, maji ya dawa ya sampuli. Tulicheka kama watoto.

Jumatano, 6 Machi

Mstari upo! Mweusi, mnene, kwenye kontroli — seli zisizo na protini yenyewe! Nimerudia. Vilevile.

Maana yake kingamwili inashika protini nyingine, na sisi tunashangilia tu. Miaka miwili. Kila picha kwenye makala yetu.

Mungu wangu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwonyesha Ronald. Kaugeuzageuza utando. Kisha anasema tukate picha, upande wa kontroli usionekane. Nikamkumbusha — kingamwili hii itatumika kupima wagonjwa wa figo, watu watapewa majibu ya uongo. Akasema makala imeshakubaliwa, na nafasi yake ya PhD iko humo humo.

"Hilda, nakupenda. Usinifanyie hivi."

Macho yake yalikuwa kwenye utando. Hakuniangalia hata kidogo.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemtumia msimamizi wetu, Dokta Flavia, picha nzima. Kajibu kwamba anasimamisha makala.

Ronald kapita mlangoni kama hanijui. Simu hapokei. Nimelia chooni, bomba nimelifungulia lisikike lenyewe. Nilifanya sawa. Mbona basi inauma hivi?

Jumamosi, 9 Machi. Masama

Mama sijamwambia. Nilishindwa. Kaamka alfajiri kupika machalari, ndizi na nyama, kanifunga kilemba mwenyewe, anaimba pambio. Baba mdogo Aminieli kavaa koti, jua lote hili!

Sasa hivi ujumbe wa Ronald. Wa kwanza tangu juzi. Wazee wameshatoka Moshi, yeye haji. Hakuweza kuwaambia kuwa hanioi tena. Niwaambie mimi.

Mimi!

Nimejifungia chumbani. Gari limeingia. Nasikia shikamoo, marahaba, vigelegele vya mama zangu wadogo, debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, linashushwa. Mama yake Ronald anauliza mkwe wake yuko wapi, amkumbatie.

Mama yangu anagonga mlango. Wageni wamefika, mwanangu. Mbona Ronald simwoni garini?

Nimejibu nakuja.

Anagonga tena, taratibu. Haimbi tena. Ananiuliza kama nalia. Nimesema hapana, na kitasa kinazungu—